Namba Isiyobadilika

Kila Mtanzania aliyekaa kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne ana namba. Kwa mtahiniwa wa skuli huanza kwa herufi S, hufuata tarakimu za skuli, halafu za mtahiniwa mwenyewe, na mwisho kabisa mwaka. Namba hiyo huulizwa na chuo, huulizwa na Tume ya Vyuo Vikuu, huulizwa na Bodi ya Mikopo. Mtu akihama mji, akioa, akizaa, namba inabaki ile ile. Kwa aliyefaulu ni tarakimu tu. Kwa aliyeanguka zamani, ambaye leo ana miaka thelathini na kitu na anataka kurudi kusoma, namba hiyo husema kabla yeye hajasema: huyu alimaliza mwaka 2012, alikuwa wapi siku zote hizi?

Wingwi kuna watu wengi wanaoikumbuka namba yao kuliko namba ya simu ya ndugu zao, na hawaitaji. Kuna waliopata sifuri. Kuna waliopata divisheni ya nne wakaambiwa haiendi popote. Kuna waliofika mpaka chuo kikuu Unguja au Dar es Salaam, sapu, ile mitihani ya marudio, zikawaelemea, wakadisko, yaani wakaondolewa chuoni, wakarudi kwa boti kimya kimya, na jamaa wakaambiwa kwamba kijana yuko likizo. Likizo hiyo inaweza kufika miaka minane. Nawaandikia hao, na zaidi naandika kwa ajili yetu sisi tunaokaa nao barazani. Nimeamini kwa muda mrefu kwamba Wingwi inajua vizuri sana kumpokea mtu anayerudi kusoma, ila ujuzi huo tumeuacha msikitini na hatujaufikisha skuli.

Kwanza mahali penyewe. Wingwi iko wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, upande wa mashariki ambako ardhi ni ya mawe na mikarafuu haistawi kama inavyostawi kwenye vilima vya magharibi. Watu wa huku wanaishi kwa bahari, kwa mihogo, kwa mwani, na katika maeneo ya Micheweni kwa kupasua mawe ya kokoto. Mtoto wa huku hasomi tu. Anasaidia. Maji yakitoka ana kazi pwani, mvua ikinyesha ana kazi shamba. Skuli nyingi za Zanzibar zilikwenda kwa mikondo miwili kwa miaka mingi, asubuhi na mchana, kwa sababu watoto walikuwa wengi kuliko vyumba. Wa mchana alifika darasani jua limeshamchosha.

Halafu lugha. Mtoto huyu amesoma msingi kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa, na akiingia sekondari anakutana na fizikia, jiografia na historia kwa Kiingereza, lugha ambayo haisikii nyumbani, wala dukani, wala kwenye daladala ya Chake. Anakariri. Anayekariri vizuri hupita, na anayetaka kwanza kuelewa huchelewa. Nimewaona watoto wenye akili kali ya hesabu za samaki na mizigo wakishindwa swali la hesabu kwa sababu ya sentensi mbili za mwanzo tu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Elimu ya msingi na sekondari Zanzibar ni kazi ya Serikali ya Mapinduzi. Lakini Baraza la Mitihani la Taifa limo katika orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba ya 1977, na elimu ya juu nayo imo. Maana yake mtoto wa Wingwi hufundishwa chini ya wizara moja na kupimwa na chombo cha serikali nyingine, kwa karatasi moja na mtoto wa Moshi na wa Mbeya. Sisemi mpango huo ni mbaya. Cheti kinachotambulika nchi nzima kina faida yake kubwa. Ninachosema ni kwamba ile tarakimu ya mwisho, sifuri au nne, imebeba ndani yake maji kujaa na kupwa, mkondo wa mchana, mwalimu wa kemia ambaye hakuwapo, Kiingereza kisichozoeleka, na pia uvivu wa mtoto mwenyewe kama ulikuwapo. Karatasi haitenganishi. Inatoa tarakimu moja, na sisi tunaichukua tarakimu hiyo tunamfanyia jina.

Na kama mtu anadhani kipimo hakikosei, akumbuke matokeo ya mwaka 2012. Mtihani ulifanywa, na Februari 2013 Waziri wa Elimu Shukuru Kawambwa akatangaza matokeo ambayo nchi haikuwahi kuyaona. Watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri, vijana zaidi ya laki mbili kwa mkupuo. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume ichunguze. Tume ikakuta, pamoja na mengine, kwamba utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa mwaka ule. Mwezi Mei serikali ikalitangazia Bunge kwamba matokeo yale yamefutwa, yapangwe upya. Yakapangwa upya. Majibu ya watoto hayakuguswa hata nukta moja, maandishi yalikuwa yale yale waliyoyaandika Oktoba, lakini maelfu waliokuwa wameanguka wakaamka wamefaulu.

Tukio hilo lilipita kama habari ya siasa, likasahaulika. Mimi naona lilistahili kukaa barazani kwetu muda mrefu zaidi. Serikali nzima ilikubali kwamba inawezekana kuyaangalia upya matokeo ya mtu na kuona kwamba hayakumsema sawasawa. Iliwafanyia hivyo vijana wa mwaka mmoja kwa sababu walikuwa wengi na kelele ilikuwa kubwa. Aliyeanguka 2009 au 2016 peke yake hakuwa na kelele. Hakuna tume itakayoundwa kwa ajili yake. Kazi ya kuangalia upya inabaki kwake na kwa watu wake.

Hapo ndipo ninapoutazama msikiti. Baada ya sala ya magharibi, katika misikiti mingi ya Pemba, kuna darsa. Sheikh anakaa, wasomaji wanamzunguka. Utamkuta mtoto wa miaka kumi na mbili na ubavuni mwake mvuvi wa miaka hamsini, wote wamefungua kitabu kimoja, pengine Safinatun-Najaa, kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafii ambacho watu wa pwani hii wamekisoma kizazi baada ya kizazi. Yule mzee si mara yake ya kwanza. Alikisoma utotoni, akakiacha, bahari ikamchukua, sasa amerudi tangu ukurasa wa mwanzo: nguzo za Uislamu, nguzo za imani. Hakuna anayemuuliza kwa nini hukumaliza wakati ule. Hakuna anayecheka kwamba anakosea irabu mbele ya mtoto. Kitabu kikikhitimiwa huombwa dua, na wiki inayofuata kinaanzwa tena, na waliokhitimu wanakaa pale pale pamoja na wageni. Na aliyehifadhi Kurani anajua kwamba asipoidurusu itamtoka, kwa hiyo kurudi nyuma ni sehemu ya kusoma kwenyewe. Aibu iko kwa aliyeacha kabisa.

Sasa mlete mvuvi huyo huyo kwenye skuli ya kijiji, aseme anataka kurisiti hesabu na Kiingereza. Mara ya kwanza atachekwa kwa upole. Mara ya pili mkewe ataulizwa kisimani kama mumewe ana shida gani. Ndiyo maana wengi wanaorudi hurudi kwa siri, wanajisajili kama watahiniwa wa kujitegemea katika kituo kilicho mbali, Wete au Chake Chake, wanapanda gari alfajiri kwa nauli ambayo ingenunua unga. Siri hiyo ina gharama kubwa kuliko nauli. Anayesoma kwa siri hawezi kumuuliza jirani yake mwalimu. Hawezi kuazima kitabu. Akikosea fomu, hakuna wa kumwambia.

Na fomu ndizo zinazowaangusha. Milango ipo, mingi kuliko watu wanavyodhani, ila kila mmoja una kipimo chake na hakuna aliyekaa akawaeleza. Mwenye divisheni ya nne ambaye aliambiwa haiendi popote huenda alikuwa na D nne. Kwa D nne za masomo yasiyo ya dini mtu anaweza kuingia astashahada katika vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), akapanda ngazi mpaka stashahada, na stashahada yenye GPA ya 3.0 kwa kawaida inamfungulia chuo kikuu kwa programu zinazohusiana na alichosoma. Hilo la masomo yasiyo ya dini linawauma sana watu wa huku, kwa sababu kijana wa Pemba mara nyingi alama yake nzuri kuliko zote ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Alama hiyo haihesabiwi. Anadhani ana nne, kumbe ana tatu. Akijua mapema atarisiti somo moja tu, mwaka mmoja, na njia imefunguka. Asipojua atakaa miaka kumi akiamini kwamba nchi imemkataa.

Aliyefika kidato cha sita na kupungukiwa ana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, chenye kituo hapa Pemba na kozi ya msingi ya kuwaandaa wasiotimiza alama za kuingia moja kwa moja. Anasoma akiwa kwake. Kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, wenye mtihani wake. Anayetaka ufundi wa mikono ana Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji. Jirani zetu Uganda wamekuwa na mlango wa watu wazima Makerere, mtihani maalumu kwa aliyefikisha miaka 25, na waliopita humo hawakuhesabiwa kuwa wanafunzi wa daraja la pili.

Mgumu zaidi kumsaidia ni yule aliyedisko. Mmoja alinijia na bahasha yake ya karatasi, mtu mzima mwenye watoto wawili, akasema: "Maalim, mimi n'shadisko. Wapi tena watanikubali?" Alizungumza kama anayetaja maradhi. Tulikaa na hesabu kwa muda mrefu, na hesabu yenyewe naiandika hapa kwa sababu wengi wanaihitaji. Katika vyuo vyetu vinavyotumia GPA ya mpaka 5, daraja la pili la juu huanzia 3.5. Mtu aliyepata 2.1 mwaka wa kwanza, halafu akajirekebisha akapata 4.0 miaka miwili iliyobaki, kama uzito wa miaka ni sawa atamaliza na 3.3 na ushei. Amefanya kazi kubwa, na bado mwaka mmoja umemvuta chini ya mstari. Kwa hiyo aliyebaki chuoni na mwaka mbaya ana haki ya kujiuliza kama abaki au aanze upya kwingine, ambako hesabu ya GPA huanza mwanzo. Lakini kuanza upya kuna ada mpya na miaka mipya. Na akitaka kuhamisha krediti za masomo aliyofaulu, chuo kinachompokea ndicho kinachoamua kinazikubali zipi, na hazikubaliwi kwa huruma. Zinakubaliwa kwa kulinganisha somo na somo.

Aliyeondolewa kabisa hana uchaguzi wa kubaki. Huyu wengi humshauri afiche: ajaze fomu kama hajawahi kusoma popote. Nasema kwa nguvu zote asifanye hivyo. Ile namba ya kidato cha nne ndiyo iliyomsajili mara ya kwanza, na ndiyo itakayomsajili mara ya pili. Akisema wazi ana nafasi ya kusikilizwa. Akificha na ikaonekana, amejiongezea kosa ambalo mtihani haukuwa nalo. Isitoshe, kama alipata mkopo, Bodi ina deni lake. Miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka aliyeacha masomo arejeshe angalau asilimia 25 kabla hajaomba tena. Imekuwa pia ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35, na kutaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano kabla ya kuomba. Masharti haya yamewekwa kwa sababu fedha hazitoshi, naelewa. Ila yanamgusa kwa ukali zaidi mtu wa Wingwi, ambaye kuchelewa kwake kulitokana na umaskini ule ule ambao mkopo ulikusudiwa kuuondoa. Faraja iko hapo kwenye stashahada: anayeipata leo, miaka yake mitano inaanza kuhesabiwa leo.

Kulikuwa na wakati ambapo kuingia chuo kikuu ukiwa mtu mzima ndiko kulikotakiwa. Azimio la Musoma la TANU, Novemba 1974, liliwataka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza angalau miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu. Azimio lilikuwa na matatizo yake na baadaye likalegezwa, lakini kwa kipindi kile hakuna aliyemwangalia mwanafunzi wa miaka thelathini pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama mtu aliyepotea njia. Na Pemba yenyewe ina mfano wake mkubwa. Mwanasiasa Maalim Seif Sharif Hamad wa Mtambwe alimaliza kidato cha sita Unguja mwaka 1963. Mapinduzi yakaja, serikali mpya ikahitaji watu wa kufanya kazi, yeye na wenzake wakazuiwa kwenda chuo kikuu. Alifundisha skuli ya Lumumba, akafundisha skuli ya Fidel Castro hapa kisiwani. Aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972, akahitimu 1975. Hakuanguka mtihani, na sitaki kumlinganisha na aliyeanguka. Namtaja kwa ajili ya ile miaka tisa, iliyokatika bila kosa lake, kati ya darasa na darasa. Sijawahi kumsikia mtu wa Pemba akiihesabu miaka hiyo kuwa aibu yake. Tukimkumbuka tunamkumbuka kwa alichokuwa, na jina la ualimu alilolipata katika miaka ya kusubiri ndilo alilobaki nalo mpaka alipofariki Februari 2021.

Wanawake wana habari yao, na ni nzito kuliko ya wanaume. Kilimo cha mwani kilipoanza Zanzibar mwaka 1989 kiliwapa wanawake wengi wa pwani fedha ya mikononi mwao, na ada za watoto wengi zimelipwa na kamba na vigingi. Lakini mwani hufuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na kazi yote iko pwani. Mama anayesoma kwa masafa hupanga vitabu vyake kwa maji mafu. Mtihani ukiangukia bamvua anapoteza mavuno, au anapoteza mtihani, au anamtuma binti yake pwani, na binti naye anakosa skuli. Wapo walioacha skuli kwa mimba kabla ya Zanzibar kuweka utaratibu wa kuwarudisha waliojifungua, utaratibu ambao Tanzania Bara iliufuata Novemba 2021. Hao hawakupewa hata nafasi ya kuanguka. Wakitaka kurudi leo wanaanza chini zaidi ya wote, na nawaona wakianza, daftari ndani ya mkoba wa pwani.

Kwa watu hawa wote ninaomba kitu kimoja kutoka kwa kijiji changu. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa vitabu viwili vya mwongozo wa udahili, kimoja kwa waliotoka kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada. Ni vitabu vinene, kwa Kiingereza, vyenye kila chuo, kila programu, na sharti la kila programu kwa herufi ndogo. Mtu hukifungua kwenye simu, anasoma kurasa tatu, anaamini hakimhusu, anakifunga. Kitabu kama hicho kinataka darsa. Kinataka mwalimu mmoja wa sekondari na mmoja aliyewahi kupita njia hiyo, wakae kwenye chumba cha skuli baada ya isha, mara moja kwa wiki, kuanzia Ramadhani ikimalizika mpaka dirisha la maombi lifungwe, wakisome sharti kwa sharti, kila neno lifasiriwe kwa Kiswahili, na kila aliyekuja aje na karatasi zake mkononi: cheti, barua ya kuondolewa chuo, chochote alicho nacho. Aje mvuvi, aje mama wa mwani, aje na kijana aliyefaulu vizuri mwaka huu ambaye pia hajui ajaze nini. Waliokisoma mwaka jana wakae pale pale, na kianzwe tangu ukurasa wa mwanzo.